Niliposti dhahabu ya kijito cha mama mkubwa kwenye status, sasa kijito chenyewe hakipo

Wakuu heshima zenu, na wadogo zangu marahaba hata kama hamjanisalimia.

Kuna kitu kimenikaa kooni tangu mvua zilizopita, leo nakitema. Siongezi chumvi. Chumvi niliyoongeza kule imeshaniponza.

Mimi nina saluni ndogo hapa Nyakato, Musoma. Wiki nzima nasuka, mgongo unauma, umbea wa wateja mpaka masikio yanachoka. Jumapili tukitoka ibadani, wenzangu wanaenda ziwani kula sato. Mimi nilikuwaga napanda gari la Butiama kwenda kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea.

Kwake ni chini ya mlima. Kutoka mlimani kinashuka kijito, kinapita pembeni ya boma lake. Ng'ombe wanakunywa hapo, bustani ya mboga iko hapo, maji ya kupikia hapo hapo.

Sasa mvua kubwa ikinyesha, kijito kinaletaga mchanga mweusi toka juu, na ndani yake kuna vumbi la dhahabu. Wanawake wa pale wanatoka na makarai yao. Unachota mchanga uliojificha nyuma ya mawe, unatia maji, unazungusha taratibu. Mchanga mwepesi unamwagika, mzito unabaki. Ukibahatika unaona kitu kinang'aa kwenye karai, kadogo kama yai la chawa. (Msinicheke, kazi yangu ni vichwa vya watu.)

Jamani hiyo haikutoi kimaisha. Ni starehe tu. Miguu iko majini, mnapiga stori, mnacheka mpaka mbavu zinauma.

Mama mkubwa alikuwa na sheria moja: "Tunachukua kilicholetwa na mvua. Atakayechimba ukingo wangu asirudi tena hapa." Alijua ukingo ukichimbwa, maji yanaacha njia yao.

Vumbi langu nilikuwa naliweka kwenye kichupa cha kioo, najazia maji. Wanaoosha dhahabu wanajua, maji ndani ya kioo yanakuza. Vumbi la msimu mzima, ukilitazama kwa pembeni unaweza kuapa ni punje za mtama.

Ujinga wangu ulianzia hapo.

Jumapili moja tulitoka kapa kabisa. Na wiki hiyo jirani yangu mwenye saluni alikuwa ameniringia weee, mara mume kamnunulia gari, mara wanaenda Mwanza kupumzika. Nikaona na mimi nisionekane fukara. Nikashika kichupa, mlima nyuma, nikavuta kamera karibu. Nikaposti: "Jumapili moja tu! Kwetu Butiama dhahabu inaokotwa."

Uongo mtupu, wakuu. Siku hiyo sikuwa nimepata hata chembe.

Watu wakatazama, wakasifia, nikavimba kichwa. Mteja wangu mmoja akaniandikia, kaka yake yuko Bunda, anapenda sana hayo mambo, anaomba na yeye aje ajaribu wikiendi kujifurahisha. Nikamwelekeza. Mpaka kona ya kuingilia nikamtajia! Nani alinituma?

Kaka wa watu alikuja kwa adabu na karai lake, mama mkubwa akampa uji. Safari ya pili akaja na wenzake, pikipiki na masururu. Baada ya hapo ikawa vurugu. Wametoka Bunda, wametoka Murangi, wengine wameacha nyavu zao, na kila mmoja ana picha yangu kwenye simu. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kama mchanga tu una punje kubwa hivi, basi mwamba wenyewe wa dhahabu uko hapo hapo ukingoni. Wakatoboa ukingo wote.

Mama mkubwa akaenda kuwazuia. Kijana mmoja akamwekea simu usoni: "Bibi, unatuficha nini wakati mwenzenu kashaposti?"

Akaitazama ile picha. Akaujua mkono wangu.

Na hawakupata kitu! Dhahabu ilikuwa inateremka toka juu kidogo kidogo, pale chini hapakuwa na mwamba wowote. Wakafungasha wakaondoka, mashimo wakayaacha wazi.

Mvua iliporudi, kijito kikaingia kwenye mashimo kikaishia humo. Saivi ni madimbwi ya tope. Ndama mmoja alitumbukia akafa. Ng'ombe waliobaki mama mkubwa amewapeleka Guta kwa shemeji yake, maana pale hawana pa kunywa. Wa kwetu mnaelewa, mama wa umri ule kuamka asubuhi akakuta zizi tupu ni msiba. Mboga zimekauka. Maji analetewa kwa madumu.

Nilienda kuomba msamaha. Nikapiga magoti pale uani, nalia kama mtoto. Akaniinua, akaniuliza kama nimekula. Akaniletea ugali na dagaa, akakaa pembeni ananiangalia.

Nikamwambia, "Mama, nitukane basi, nipige hata kofi."

Akasema, "Nikikutukana, kijito kitarudi?"

Nikaisogeza sahani pembeni, wakuu.

Funzo langu ni hili: starehe yako ikiwa mlangoni kwa mtu, usiitangaze kabla hujamuuliza mwenye mlango. Na ukitaka kumringia jirani, mringie kwa kitu chako.

Kama kuna mtaalamu humu anajua namna ya kufukia mashimo yale na kurudisha maji kwenye njia yake, naomba aseme, nitakuja hata na jembe mwenyewe. Na wenye matusi karibuni pia, yamwageni. Kwa mama mkubwa nimeyakosa.