Diploma Yangu Mlangoni mwa Wodi ya Wazazi

Nilirudi Ruiru kutoka Uingereza na diploma ya unesi. Nauli ya meli nilijitafutia mwenyewe, kwa kufua na kupiga pasi nguo za Wazungu wa mashamba ya kahawa. Kijijini kwetu hakuna mwingine aliyekuwa ameshika karatasi kama ile, awe mwanamume au mwanamke, nami nalisema bila haya.

Mama alinipokea akicheka. "Umefika wakati mzuri, mami. Mke wa kaka yako yuko karibu kujifungua. Nimemwambia mkunga wa Thika kile kitanda alichomwekea ampe mwingine. Wetu amerudi!"

Nilitua sanduku chini. Wifi yangu alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza katika kujifungua.

"Maitu, mama yangu, mimi ni nesi. Si mkunga."

"Tofauti iko wapi? Si nyote mnavaa nguo nyeupe?"

Nikamweleza. Nesi husomea vidonda, homa, moyo, na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Ukunga ni masomo mengine, yenye mtihani wake na cheti chake. Wapo wanaoyaanza moja kwa moja bila kupitia unesi. Nesi akiyataka, hurudi darasani. Mimi sikuwa nimerudi.

"Ngai!" Mama alikaa chini. "Miaka yote hiyo ng'ambo, na hawakukufundisha kupokea mtoto? Walikufundisha nini basi, kutandika vitanda?"

Jirani aliyekuja kunisalimia akadakia, "Hata nyanya yangu alipokea watoto, na hakuwahi kuvuka hata mto Chania hapo Thika."

Papo hapo wifi alitoka chumbani. Alishika mwimo wa mlango, maji yakamwagika sakafuni. Kaka alikimbia kusimamisha lori lililokuwa likipeleka kahawa Thika, tukamlaza wifi juu ya magunia, mimi na Mama tukapanda naye. Njia nzima nilimshika mkono, nikihesabu mapigo ya moyo wake kwa sababu hilo nalijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Hospitalini niliingia na kepu yangu ya unesi ya Uingereza kichwani. Mkunga, msichana mdogo kwangu, alinitazama.

"Kitanda chake kimeshachukuliwa."

"Mlaze chini, lakini mlaze ndani."

"Godoro lipo. Wewe una cheti cha ukunga?"

"Nina diploma ya unesi. Ya Uingereza."

"Basi ngoja nje, dada, na hao kina mama."

Akafunga mlango. Mimi! Nilikaa kwenye benchi katikati ya mashuka na vikapu, nimeduwaa, kepu bado kichwani, nikisikiliza sauti ya wifi ambayo sikuweza kuifanyia lolote.

Kisha mtoto akalia. Mlango ukafunguka kidogo. "Msichana. Mama yake mzima."

Mama akapiga vigelegele vitatu, kwa kuwa vitano ni vya mvulana. Alipomaliza alimgeukia mwanamke asiyemjua aliyekaa kando yetu.

"Huyu wangu ni nesi wa Uingereza," akamwambia. "Ukunga anauanza mwaka ujao."

Nilimkodolea macho. Sikuwa nimemwambia mtu neno kama hilo.

Niliuanza kweli, na hicho cheti nacho ninacho.