Sauti ya Pili Kwenye Benchi la Kata

Jumatano asubuhi, ofisi ya kata Murusagamba, ukungu ukiwa bado mlangoni, nilikaa kusubiri muhuri. Kando yangu walikaa akina mama wawili wanaogombania mpaka wa migomba, wamepeana mgongo. Mmoja akaanza wimbo wa kwaya yao, mdomo umefungwa. Mwenzake akavumilia ubeti mmoja, kisha sauti ya pili ikamtoka yenyewe, taratibu. Karani aliyekuja kuwaita akasimama palepale, amefumba macho.

“Mlalamikaji nani?” aliuliza walipomaliza.

Wakatazamana.

“Tuahirishe kidogo,” akasema mmoja. “Kesho tuna mazoezi, na daftari la nyimbo tunatumia moja.”

Mimi siimbi. Kesi yangu na jirani ina mwaka wa nne.