Injini ya Tatu Iliyokataa Kuwaka

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, wakati Kiamunyi kulikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba, nilipoibeba kompyuta yangu kama mtoto mgonjwa hadi kwa Mzee Wanyonyi. Nilikuwa msichana anayefundisha watu kompyuta mjini Nakuru, na nilijiona ninajua kila kitu. Usicheke, hata wewe uko hivyo.

Mzee Wanyonyi alikuwa fundi aliyeruka na ndege kubwa za abiria za zamani, zile za injini nne, na kuziwasha ndiyo ilikuwa kazi yake. Sasa macho yalikuwa yamempotea. Wajukuu hawakuwahi kumwona kazini, na yule mkubwa wao alishaanza kunong'ona kwamba babu anajipamba kwa uongo tu. Hilo lilimuuma sana. Bintiye aliposikia kuwa nina mchezo wa kurusha ndege, na kwamba ndege ileile imo, akaniomba niulete baada ya kanisa. Mzee angeamuru, mimi ningebonyeza, wajukuu wangejionea.

Sebule ilijaa. Mzee aliketi na suti yake ya kanisani, akatoa amri moja baada ya nyingine bila kusita. Injini mbili ziliwaka vizuri. Ya tatu ikazungushwa, ikazungushwa, wapi.

Sasa mimi ni mtoto wa Olenguruone. Kule baridi ya asubuhi ilitufunza dawa moja tu ya trekta: kanyaga mafuta, kanyaga tena. Basi nikashikilia kitufe cha kumimina petroli mpaka kidole kikauma. Watoto wakaanza kutazamana. Kwa aibu nikabonyeza kisiri vitufe vya mkato vya mchezo, vinavyowasha injini zote kwa mkupuo, nazo zikanguruma. Watu wakapiga makofi. Mzee hakupiga. Aliinamisha kichwa akasikiliza, kisha akaomba watu wanyamaze.

"Engine za hii ndege lazima zikohoe kwanza," akasema. "Hii ya tatu haijakohoa. Binti, umeiwasha wewe ama imejiwasha?"

Ningeweza kubisha, kwa kuwa hakuona kioo cha kompyuta. Lakini mimi ndiye niliyekuwa macho yake siku hiyo, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nimekudanganya, mzee. Ilikataa."

"Petroli ulibonyeza mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilibonyeza tu."

Alicheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta machozi. "Hiyo haijaharibika, imelewa petroli. Ungeniambia mapema saa hii tungekuwa juu ya ziwa."

Akaniamuru nizime zote tuanze upya, tena ile ya tatu niileweshe vilevile, ili wajukuu waone inavyotibiwa. Ikakataa kama mwanzo. Basi akasema nifunge petroli, nifungue njia ya hewa yote, niache mapanga ya propela yazunguke mpaka injini ikauke. Watoto walihesabu kwa sauti kila panga lililopita. Walipofika kumi na mbili, mzee akainua kidole: "Washa cheche." Injini ikakohoa. Ikatema moshi mweusi. "Irudishie petroli, polepole." Ikakohoa tena, ikashika, ikanguruma.

Mwanangu, nyumba ile ilishangilia kama harusi. Yule mjukuu mkubwa alikwenda akamshika babu yake mkono, akasema, "Kumbe ilikuwa ukweli." Mzee alitabasamu. Mimi nililia kwa furaha, na chai nikanywa vikombe vitatu.

Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea. Kosa langu la petroli lilitibika kwa dakika chache, lakini lile la kuficha nusura limnyime mzee heshima yake mbele ya damu yake. Ukikwama, sema umekwama. Tena sema na ulichofanya kabla ya kukwama, hata kama kinachekesha, maana fundi hatibu asichoambiwa.

Mungu akujalie mtu wa kukusikiliza vizuri, na akupe ulimi wa kumwambia kweli. Na siku utakayokataa kuwaka, usione haya. Kohoa, ushike, upae.