Mtihani wa Kidato cha Pili Nilioufuta Mwenyewe

Jambo hili sipendi kulisimulia, na nikilisimulia bado linanichoma: mimi, mwalimu wa Kiswahili wa pale Sekei, niliwahi kujifanya fundi wa kompyuta, nikaumbuka mbele ya ukumbi mzima wa wazazi.

Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, ya msaada, na diski yake ilikuwa imegawanywa kwa mtindo wa zamani ambao Windows mpya niliyoazima iliukataa. Kulikuwa na njia ya kuubadilisha mtindo ule bila kupoteza kitu, ila ilikula saa nzima, na njia nyingine ya haraka, kufuta migawanyo yote na kuipanga upya, na mimi nikachagua ya haraka. Mwenzangu, Mwalimu Nanyaro, akaniambia, "Nakili kwanza mtihani kwenye flopi." Nikamjibu, "Unanifundisha?" Kompyuta nayo ikauliza kama nina uhakika, nikabonyeza Y, ikauliza tena, nikaigonga Y kwa nguvu (kama vile imenitukana), na mtihani wa Kidato cha Pili, wa keshokutwa yake, ukapotea pamoja na kila kitu cha shule.

Ilibaki nakala moja ya karatasi, niliyomwandalia Nanyaro ya kusahihishia, yenye majibu na maelezo yangu kwa kalamu nyekundu chini ya kila swali. Nikaipeleka, nimefura, kwa dada mchapaji kule Kwa Mrombo.

"Mwalimu, na haya mekundu?"

"Dada, chapa yote! Sina muda!"

(Nilimaanisha maswali yote. Angejuaje?) Akachapa yote. Sikusoma hata mstari; nikadurufu, nikafunga bahasha. Siku ya mtihani darasa lilitulia ajabu, hakuna aliyenyoosha mkono, na mimi mpumbavu natembea kati ya madawati najisifu moyoni kwamba nimefundisha.

Kesho yake, Jumamosi, kabla hatujasahihisha chochote, kukawa na kikao cha wazazi. Mzee Pallangyo, mkulima wa kahawa kutoka Kikatiti, akasimama na karatasi ya maswali ya binti yake.

"Namshukuru mwalimu. Binti yangu anasema safari hii amefaulu. Na mtihani wenyewe unaelekeza vizuri, sikilizeni: 'Andika wingi wa neno ufa. Nyufa. Anayekosa hapa arudi darasa la nne.'"

Ukumbi ukalipuka. Mkuu wa shule akasema, "Mwalimu, njoo mbele ueleze." Nikaeleza diski, migawanyo, Y mbili, huku watu wakifuta machozi ya kicheko. Mzee Pallangyo peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo hajafaulu?"

"Itabidi warudie, mzee."

Akaikunja karatasi mara nne, akaketi.

Nilikuwa nimemkasirikia Nanyaro kwa kuwa sahihi, mchapaji kwa kunitii, na kompyuta kwa kuuliza maswali. Pale mbele nikakosa wa kumkasirikia isipokuwa mimi. Siku hizi sigusi diski kabla sijaweka nakala mbili mahali pawili na kuzifungua kwa macho yangu, na mtu akinishauri jambo, nanyamaza nimsikilize, hata kama simpendi.