Kamba ya Karani

Kila asubuhi napiga deki jimu, na karani mmoja wa posta huingia wa kwanza. Hufunga viatu mara mbili, kisha hubana vidole viwili shingoni kusikiliza mapigo yake, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Daktari kamwambia asipokimbia moyo utamshinda. Naye kukimbia anaogopa, kutokimbia anaogopa. Mashine ya kukimbilia ina kamba nyekundu ya kuizimia ghafla. Wenzake huibana kwenye fulana. Yeye alinishikisha mimi. "Bibi, ukiniona nayumba, vuta." "Mie nimeajiriwa kupiga deki, sikuajiriwa kuchunga moyo wa mtu." "Basi piga deki hapa hapa, bibi yangu." Tangu siku hiyo sakafu ya hapo inang'aa kama sahani.

Jana, mbio zimekolea, alijishika kifua. Nilivuta. Mashine ikanyamaza, tukatazamana, jasho langu limezidi lake. "Nilikuwa najikuna tu, bibi," akasema, vidole viwili vimesharudi shingoni. Nilimtukana mpaka akacheka, akapanda tena. Leo msimamizi kaniona nachechemea, kaniambia kesho nipumzike. Nimemjibu magoti ni yangu. Sikumwambia ninachokiogopa: karani aje akute kamba haina mkono wa kuivuta, ageukie mlangoni bila kukimbia.