Siku nilipopakia boti ya tantine Verone kichwa chini

Nimeificha hii habari miaka mingi, na kama mungenikuta kule pwani ya Kasenyi siku ile, nimelowa hadi shingoni na kofia yangu ya Matadi inaelea peke yake ziwani, mungeelewa sababu.

Munanijua, mimi sikai mahali pamoja. Nilitoka Bunia kijana, nikazunguka, mwisho nikafika Matadi, bandarini, kazi yangu ikawa kushika karatasi na kuhesabu mizigo inayoingia katika meli za biashara. Huko ndiko niliona namna afisa wa meli anachora plani: vizito chini, uzito sawa kuume na kushoto, na kile kitakachotoka kwanza kinaingia mwisho. Nilizipenda zile karatasi zenye rangi kuliko mshahara. Niliporudi nyumbani, wakati vita vilikuwa vimetulia kidogo (kutulia kwa namna yetu, mtu analala lakini viatu viko karibu), kila jioni nilikuwa nikielezea majirani habari za meli, hadi wakaanza kukumbuka ghafla kwamba wana kazi.

Sasa tantine Verone, dada mdogo wa baba yangu, aliyenilea, alikuwa amekaa Bunia tangu alipokimbia kijiji chake cha ziwani, upande wa Djugu. Mara mbili alifunga mizigo arudi, mara mbili aliifungua. Hakuogopa njia, aliogopa kufika: atawakuta majirani gani, na nani atamusalimu. Mara ya tatu aliniita, akaniambia polepole, "Mutoto wangu, unisaidie vizuri. Kama safari hii nikirudi Bunia tena, sitatoka."

Basi nikachora. Usiku mzima wa kalamu tatu, nyekundu ya simenti na mabati, kijani ya magunia ya mbegu na kinu, bluu ya matela (godoro lake), vikapu na kuku. Asubuhi tukapakia lori sawasawa na karatasi, vizito chini, vyepesi juu, na njia yote ya kushuka mlima hakuna hata kikombe kilichopasuka. Nilijisikia kapiteni. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ngumu ya njano ya bandari (ndiyo, katika lori).

Pale Kasenyi boti ilikuwa inangoja, ile ndefu ya mbao yenye injini. Mkubwa wa wabebaji, mzee mmoja mwembamba waliyemwita Papa Losa, akaniambia kwa heshima, "Mukubwa, siye huku tunatelemushaka vitu vyote kwanza pa muchanga, tunaviangalia, kisha tunapakia."

Ningesema ndiyo tu. Neno moja. Lakini nilitazama ule mchanga wenye maji, nikatazama saa, kwa sababu mchana upepo unapanda na boti haziruhusiwi tena kutoka, nikamjibu kwamba mimi nimetoka Matadi, na kule mzigo haugusi chini bure. Wapange mstari, mkono kwa mkono, kutoka lori moja kwa moja hadi ndani ya boti.

Papa Losa akanitazama, akatazama lori, akanitazama tena. "Ni weye unajua," akasema.

Wakaanza. Na kitu gani kinatoka kwanza katika lori lililopakiwa vizuri? Kile cha juu. Matela ikaenda chini kabisa ya boti, na vikapu juu yake, na mimi nimesimama juu ya pipa nikiweka alama katika karatasi, bluu, bluu, kijani, nafurahi namna kazi inakimbia, hadi simenti ilipoanza kupita mbele ya macho yangu kwenda kukaa juu ya matela, na lile rundo likaanza kupumua kama mtu aliyeshiba. Boti ikalala upande mmoja. Mfuko mmoja ukateleza. Mimi nikaruka kuudaka (mfuko wa simenti, jamani, kuudaka), nikaenda nao majini.

Nilipoinuka, pwani yote ilikuwa inanitazama, kila mtu akisubiri mwenzake aanze kucheka. Papa Losa hakucheka. Alisema tu, "Sasa tunaweza kutelemusha pa muchanga?"

Wakatoa vyote. Mkeka, sufuria, nguo za ndani za tantine, kila kitu wazi mbele ya wauza samaki. Upepo ukapanda, walinzi wa ziwa wakasema hakuna boti tena mpaka kesho. Tantine aliketi juu ya matela yake, amefunga mikono, na niliona macho yake yanatafuta lori. Nilitamani ningebaki chini na ile simenti.

Hapo mama mmoja muuza samaki akaacha beseni yake, akaja hadi kwenye kinu, kile cha zamani chenye ufa uliofungwa kwa waya. Akakigusa.

"Hii kinu naijua. Nilitwangiaka humu, kule kijijini. Ni ya Mama Verone."

Tantine akasema bila kuinua kichwa, "Njo mimi mwenyewe."

Yule mama akamwangalia sana. "Ulikawia," akasema. Kisha akaketi naye juu ya matela, karibu, na baadaye nilisikia tantine anacheka, anamuonyesha mimi kwa kidole. "Huyu njo kapiteni wangu wa Matadi."

Tulilala kwa yule mama. Asubuhi, mbele ya vitu vyote pale mchangani, Papa Losa hakuniuliza mimi, alimuuliza tantine: ukifika, utashika nini kwanza? Mimi sikuwa nimemuuliza hata siku moja. Tantine akajibu, sufuria kubwa na kinu, kwa sababu watu watakuja kumusalimu na lazima wakule. Basi kinu, pamoja na uzito wake, kikaingia mwisho, katikati, miguuni pake, na boti ikakaa sawa kama meza.

Plani sijachora tena. Kofia, ilipookotwa ziwani, alibaki nayo tantine, ya kuchotea maji yaliyoingia botini, na nilipoenda kumuona kijijini nilikuta kuku amelalia mayai ndani yake. Sikuiomba. Na siku hizi mtu akiniita nimusaidie kuhama, kwanza natelemusha vyote chini, kisha nakaa, namuuliza.