Kaske ya Shangazi Mwajuma

Ampli ya baba, ile mashine ya kukuza sauti, ilipopata joto ilitoa harufu ya vumbi lililoungua kidogo, na harufu hiyo ilitangulia muziki. Ikinifikia nilijua kwamba ni Jumapili alasiri, baba hajaenda bandarini, na muda si mrefu bafle mbili zilizosimama sebuleni, ndefu kunizidi, zitaanza kutetemesha vikombe kabatini. Hapa Bujumbura spika kubwa za namna hiyo tunaziita bafle. Baba alizinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama nchi, akazileta Buyenzi kwa mkokoteni, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikajulikana mtaa mzima. Taarabu ikipigwa, jirani wa upande wa pili wa ukuta aliacha kugonganisha sufuria ili asikie. Rumba ikipigwa, mafundi magari wa barabarani kwetu walifuatisha nyundo zao. Mama alilalamika kwamba hasikii hata anachosema mwenyewe, lakini mara nyingi nilimwona akichambua maharage huku bega lake likienda na ngoma.

Aliyeupenda muziki huo kuliko sote alikuwa Shangazi Mwajuma, dada mdogo wa baba. Alikuwa hajafika miaka thelathini, na macho yake yalikuwa yamezimika tangu alipougua surua utotoni. Alifuma vitambaa vya makochi, mama akaviuza sokoni, na mama akiwa sokoni shangazi ndiye aliyebaki na mdogo wangu Idi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia. Wageni walishangaa kuona mtoto ameachiwa mtu asiyeona. Sisi hatukuona ajabu yoyote. Idi akiokota kitu sakafuni, shangazi alijua kama ni punje ya mahindi au kifungo. Mtu akiingia uani, alimtaja kwa jina kabla hajapiga hodi.

Masika ninayoyasimulia nilikuwa na miaka kumi. Mvua ilikuwa nyingi, na mto Ntahangwa, ulio karibu na kwetu, ulikuwa umejaa hadi ukasikika ukisukuma mawe. Baba alikuwa akishughulikia karatasi za mizigo inayokuja kwa boti kutoka Kigoma, na mfanyabiashara mmoja aliyeridhika na kazi yake alimletea zawadi ndani ya boksi jeusi. Ilikuwa kaske, yaani spika ndogo mbili zenye mito laini, za kuvaa kichwani zikafunika masikio. Baba aliipeleka duka moja la mjini kuulizia bei, akarudi akiwa mpole kidogo. Alikuwa ameambiwa kwamba bei ya kitu kile ingetosha kununua bafle zake zote mbili na ampli juu yake.

"Kwenye bafle muziki unagombana na nyundo, na upepo, na makelele yenu," alimwambia mama. "Humu unasikia mpaka muimbaji anavyovuta pumzi."

"Na mi nitasikia nini?" mama akauliza. "Nikae nakuangalia we unatikisa kichwa?"

Baba aliichukua kaske, akamvika dada yake, akaweka kanda ya rumba tuliyokuwa nayo miaka yote. Mikono ya shangazi ikasimama, sindano ikamponyoka. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

"Kaka," alisema kwa sauti kubwa mno, "huyu mutu anapiga gitaa na kucha. Na nyuma yake kuna mwingine anakohoa."

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia mtu huyo akikohoa. Baba alifurahi kana kwamba kikohozi kile amekitengeneza yeye, na kuanzia siku hiyo kaske ikawa ya shangazi.

Aliivaa kila siku. Alifuma haraka zaidi, akitabasamu, midomo ikifuata maneno tusiyoyasikia. Mimi nilikuwa na furaha kwa ajili yake, na wivu pia. Alasiri moja niliporudi kutoka shule nilisimama mbele yake, karibu kabisa, nikingoja anitaje jina kama kawaida. Hakujua kwamba nipo. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote, na hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyomwona shangazi yangu kuwa kipofu. Nilikwenda jikoni bila kumsalimu, na sikumwambia mtu.

Wiki moja baadaye nilirudi nikakuta mlango wa uani uko wazi. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, kaske kichwani, kitambaa mapajani. Nilimgusa bega, akaivua.

"Shangazi, Idi yuko wapi?"

"Si huyo hapo, anacheza na kifuniko."

Kifuniko kilikuwa sakafuni peke yake. Shangazi akainua kichwa, akasikiliza, na niliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, jinsi mtu anavyobadilika akisomewa barua mbaya.

"Kimbia mutoni, Salima," akaniambia. "Mi naenda upande wa mafundi."

Nilikimbia mpaka ukingoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba mgomba mzima. Kwenye tope kulikuwa na nyayo ndogo ndogo nyingi, kwa sababu watoto wa mtaa walicheza pale, nami sikuweza kujua kama mojawapo ni ya Idi. Nilisimama nikizitazama, nikiliita jina lake kwa sauti ambayo mto uliimeza. Niliposhindwa nikageuka kumfuata shangazi.

Nilimkuta katikati ya barabara, hana fimbo, mkono mmoja umeinuliwa. "Nyamazeni, tafazali," alikuwa akiwaambia mafundi. "Nyamazeni wote." Nyundo zikasimama. Mtu akazima injini. Sijapata kuusikia tena mtaa ule ukiwa kimya hivyo mchana. Shangazi akageuza kichwa kidogo, akatembea moja kwa moja hadi kwenye gari bovu lisilo na milango, akaingiza mikono ndani, akamtoa Idi, amejaa grisi, anagongagonga mkebe wa nati za magari.

Mama aliporudi, shangazi mwenyewe ndiye aliyemsimulia, hakuficha kitu. Mama hakumgombeza. Alimwosha Idi, akamfunga mgongoni, na nadhani hilo lilimuumiza shangazi kuliko matusi. Baba alipoingia, shangazi alimkabidhi boksi jeusi.

"Uiuze, kaka. Bafle zako zinanitosha. Kwa zile nasikia muziki, na nyumba naisikia."

Baba hakuiuza. Aliliweka boksi juu ya kabati, likakaa pale siku nyingi. Shangazi hakulitaja tena, lakini Jumapili, muziki ulipopigwa, nilimwona akiinamisha kichwa na kukaza uso, akimtafuta yule mtu anayekohoa, asimpate. Ndipo nilipokwenda kukaa karibu naye.

"Shangazi, we vaa. Mi nitasikia."

"Utasikia nini, we? Sasa hivi uani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sikia tena."

Nilifumba macho. Baada ya muda kulikuwa na kuku anayekwaruza mchanga, na tone la maji ndani ya ndoo. "Na Idi anatafuna," nikasema.

"Anatafuna nini?"

Nilikwenda kuangalia. Ilikuwa sabuni. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaanza kunifundisha. Masomo yaliendelea hadi akaridhika, na mama pia akaridhika. Kila siku baada ya sala ya alasiri alivaa kaske, nami nikakaa mkekani nikiwa nimeweka mkono kwenye goti lake, mdogo wangu mbele yangu, nikisikia kwa niaba yake. Mtu akija nilimgonga shangazi goti mara moja. Mvua zilikwisha tukiwa hivyo.

Leo shangazi yuko Gitega kwa mume wake, nami nina nyumba ya kupanga hapa hapa mjini. Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulibishana sana, tununue spika za sebuleni au kaske nzuri. Tulinunua kaske, na sijuti, maana muziki wake unanitoa machozi. Lakini kwetu kila mtu ana ya kwake: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili. Zamani aliyeziba masikio alijua ni nani aliyeyaacha yake wazi kwa ajili yake. Sisi tunayaziba kwa pamoja, na hatumwombi mtu atusikilizie.

Jumamosi iliyopita niliivua yangu nikakuta jirani amenipigia simu mara tano. Nilikwenda kwake. Alikuwa amekuja kuniomba nibaki na watoto wake ampeleke mama yake hospitali, akagonga mlango mpaka akachoka, ikabidi awapeleke mtaa wa pili. Mama yake alikuwa ameshapata nafuu. Nilimwomba radhi.

"Apana, si kitu," akasema. "Nilizani hamuko."

Tulikuwemo wote wanne.